Anayejua Mlango wa Mtoto

Jumapili ya tarehe 15 Machi 2020, siku mbili baada ya kisa cha kwanza cha korona kutangazwa Kenya, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza shule zote zifungwe. Za kutwa zilifunga kesho yake, za bweni zikapewa hadi Jumatano. Wengi walidhani ni mambo ya wiki chache. Gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4 walirudi tarehe 12 Oktoba. Waliosalia walingoja hadi tarehe 4 Januari 2021. Tangu hapo swali linaloulizwa mara nyingi ni masomo kiasi gani yalipotea, na jibu hutafutwa kwenye alama. Hapa nataka kuuliza jingine: katika miezi hiyo tisa na ushei, shule za Eastlands, mashariki ya Nairobi, zilimfaa mtoto kwa lipi, na ziliwezaje? Ushahidi uliopo unanipeleka kwenye dai moja. Vipindi vya redioni na mtandaoni vilimfaa mtoto kidogo sana. Kilichomfaa ni kuwepo kwa mtu mzima asiye wa nyumbani kwao aliyejua anaishi ploti ipi, mlango upi, na kama amekula. Na kwa bahati mbaya, shule zilizokuwa na watu wa aina hiyo kwa wingi ndizo zilizokuwa nje ya bajeti ya serikali.

Tukisema Eastlands tunataja mambo mengi kwa jina moja. Kaloleni, Makongeni na Bahati ni nyumba zilizojengewa wafanyakazi enzi za ukoloni. Buruburu ilijengwa miaka ya 1970 kwa ajili ya watu wenye mshahara na mkopo wa nyumba. Dandora ilianza muongo huohuo kwa mradi wa Benki ya Dunia uliompa mtu kiwanja chenye maji na choo, mengine ajijengee. Halafu ziko Kayole na Umoja, ghorofa zilizobanana za Pipeline na Tassia ambako mwanga wa jua haufiki ngazi za chini, na mitaa ya mabanda ya Mathare, Korogocho na Mukuru. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 988,808 katika Embakasi peke yake, na 206,564 Mathare. Shule za msingi za umma katika Nairobi nzima ni kama 200 tu. Pengo hilo ndilo lililozaa shule za mtaani, zile za mabati au za vyumba vya chini vya ploti, ambazo kwenye karatasi za wizara huitwa APBET. Watafiti wa kituo cha APHRC, ambao wamefuatilia familia za Korogocho na Viwandani kwa miaka mingi, walishaonyesha kwamba hata baada ya elimu ya msingi kufanywa ya bure mwaka 2003, wazazi wengi maskini waliendelea kulipa karo kwa sababu shule ya umma ilikuwa mbali, imejaa, au yote mawili. Kwa hiyo amri ya kufunga shule ilipotoka, ilifunga aina mbili za shule ambazo hazifanani hata kidogo.

Wizara ya Elimu ilikuwa na mpango, na si haki kusema ilikaa tu. Kuanzia tarehe 23 Machi, taasisi ya mitaala, KICD, ilirusha vipindi vya masomo kupitia redio za KBC na runinga ya elimu, na kuweka vitabu na video kwenye mtandao wake. Tatizo lilikuwa nyumba ambayo mpango huo uliifikiria. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, nyumba zenye redio nchini zilikuwa asilimia 56.9, zenye runinga inayofanya kazi asilimia 40.7, zenye intaneti asilimia 17.9, na zenye kompyuta au tableti asilimia 8.8. Shirika la Usawa Agenda lilipofanya uchunguzi mwaka 2020 lilikuta kwamba katika kila watoto 100, takriban 22 tu ndio waliokuwa wakifikiwa na masomo ya kidijitali, na wa shule za binafsi walikuwa mbele ya wale wa umma. Mtu anaweza kupinga kwamba hizi ni takwimu za taifa, na Nairobi ina stima na redio kuliko Turkana. Ni kweli. Lakini kuwa na chombo ni jambo moja, kukitumia kwa masomo ni jingine. Katika chumba cha futi kumi kwa kumi, redio ni ya watu watano au sita, na kila mmoja yuko darasa lake. Kipindi cha darasa la 6 kikiwa hewani, wa gredi ya 2 amekaa palepale kitandani, mama anapika, na jirani ameweka muziki upande wa pili wa ukuta wa mabati. Na redio haiulizwi swali.

Simu ndiyo iliyotarajiwa kuziba pengo hilo, na hapo inafaa kuangalia kwa karibu jinsi simu ya nyumba maskini inavyoishi siku yake. Kwa kawaida simu yenye intaneti ni moja, na ni ya mzazi. Inaondoka naye alfajiri kwenda kutafuta kibarua, kwa sababu ndiyo anayopigiwa kazi ikipatikana na ndiyo yenye M-Pesa. Mchana, mwalimu akituma maswali kwenye kundi la WhatsApp la darasa, simu iko Industrial Area au Gikomba. Jioni inarudi chaji imeisha, na mwaka huo ilirudi mapema kwa sababu kafyu ilianza tarehe 27 Machi kuanzia saa moja usiku. Mtoto anaipata imechomekwa ukutani, bando limebaki kidogo, na picha ya ukurasa wa maswali imepigwa vibaya hata haisomeki bila kuivuta. Akiwa na kaka na dada, wanapanga foleni. Mzazi aliyeachiwa kusahihisha ni mchovu, na pengine hesabu za mtaala mpya wa CBC hazijui. Hakuna aliyezembea hapa. Mpango ulitungiwa nyumba yenye meza, na nyumba hii haina meza.

Upo utafiti mmoja ambao naona haujazungumzwa vya kutosha katika mijadala yetu. Beth Schueler na Daniel Rodriguez-Segura walifuatilia shule zaidi ya 100 za karo nafuu nchini Kenya, ambako walimu waliwapigia simu wanafunzi wao kila wiki shule zilipokuwa zimefungwa. Simu za kumjulia mtoto hali na kumhimiza asome hazikupandisha alama zake za hesabu. Kilichopanda ni imani ya watoto kwamba mwalimu wao anawajali. Kwa anayetafuta dawa ya alama, huo ni mradi ulioshindwa, na watafiti wenyewe waliuita kisa cha kutahadharisha. Kwa anayeuliza kuhusu ustawi wa mtoto, ni matokeo ya maana. Yanatuambia kwamba uhusiano wa mwalimu na mtoto unaweza kudumu hata masomo yasipopita, na kwamba tulipotumia simu kama bomba la silabasi tulikuwa tunaitumia kwa kazi inayoifaa kwa uchache kabisa.

Sasa tuje kwenye chakula, maana hapo ndipo shule ya Eastlands inapopimwa kwa kweli. Sahani ya githeri au ya wali na maharagwe ya saa saba mchana ni sehemu ya sababu ya watoto wengi kufika shuleni. Wakati janga linaingia, Shirika la Chakula Duniani lilikuwa limekwisha kukabidhi mpango wa kulisha shule kwa serikali mwaka 2018, na katika mitaa ya mabanda shule nyingi zilijikimu kwa wafadhili wadogo, makanisa, na shilingi chache za wazazi. Kufunga shule kuliondoa sahani hiyo wiki ileile ambayo kibarua kilikauka. Watafiti wa shirika la Population Council, wakishirikiana na Wizara ya Afya, walihoji familia kwa simu huko Mathare, Huruma, Kariobangi, Dandora na Kibera kuanzia mwisho wa Machi. Katika miezi iliyofuata zaidi ya robo tatu walisema wamepoteza mapato yote au sehemu yake, na zaidi ya nusu wakasema wameruka mlo au wamepunguza chakula kwa kukosa pesa. Tarehe 6 Mei serikali ilifunga Eastleigh, watu wasitoke wala wasiingie. Kwa aliyekuwa Eastleigh hilo lilikuwa suala la afya na la biashara. Kwa wanawake wa Mathare ambao huvuka kila asubuhi kwenda kufua nguo za familia za Eastleigh, lilikuwa chakula cha jioni kilichokatwa siku hiyohiyo. Ndipo watoto walipozidi kuonekana kwenye jaa la Dandora na kwenye maduka ya vyuma chakavu wakati ambao wangekuwa darasani. Njaa haikuanza na korona, lakini shule ilikuwa imeifunika kwa saa chache kila siku.

Msaada ulikuja, na namna ulivyogawiwa inafundisha. Kibera, tarehe 10 Aprili, watu walikanyagana wakigombea chakula cha msaada na polisi wakarusha vitoa machozi. Hiyo ndiyo sura ya kugawa bila orodha. Orodha ya kuaminika katika mtaa usio na anwani haitoki ofisini. Inatoka kwa watu wanaojua kwamba mtoto wa ploti ile analelewa na nyanya yake, kwamba mama wa yule amelazwa, kwamba hawa watatu walikuwa wanakula shuleni tu. Watu hao ni wachache na wanajulikana: wazee wa mtaa, wahudumu wa afya wa kujitolea, na walimu. Vituo kama Ruben Centre huko Mukuru, ambako shule, kliniki na redio ya jamii viko ndani ya ua mmoja, vilikuwa na faida ambayo hakuna wizara ingeweza kuinunua kwa wiki mbili: rejista ya shule iliyo na majina, na watu wanaoweza kulitazama jina na kwenda mpaka mlangoni. Rejista ni kitu kidogo, daftari lenye mistari tu. Ila katika mwaka ule lilikuwa karibu na kuwa sajili pekee ya watoto katika sehemu kadhaa za Eastlands, na serikali ikaliacha likae kabatini.

Nasema serikali iliacha kwa sababu milango ya shule za umma ilifungwa kwa kufuli na mlinzi. Hapa sitaki kuwaonea walimu wa umma. Agizo lilikuwa agizo, mikusanyiko ilikuwa marufuku, na kuanzia tarehe 6 Aprili hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka Nairobi, kwa hiyo aliyekuwa ameenda kwao mashambani alibaki huko. Wapo waliowapigia wanafunzi simu kwa pesa zao wenyewe, wakanunua bando, wakatuma maswali. Lakini kimuundo, mwalimu wa umma, aliyeajiriwa na tume ya walimu, TSC, alilipwa mshahara kila mwezi bila kupewa kazi yoyote mahususi ya kufanya na watoto wake, na mara nyingi haishi wanakoishi. Mwalimu wa shule ya mtaani yuko kinyume chake kwa kila kitu. Karo ilikatika Machi na mshahara ukakatika nayo. Anaishi ploti ya tatu kutoka shuleni na anakutana na wanafunzi wake wakichota maji kwa mitungi. Wengi wa walimu hao waliendelea kufanya kitu, kwa siri nusu na kwa aibu nusu: maswali ya fotokopi yaliyopitishwa nyumba kwa nyumba, watoto watano au sita kwenye varanda, tuisheni ya shilingi chache ambayo mara nyingi haikulipwa. Haikuwa elimu bora. Wakati mwingine ilikuwa mtu mzima mwenye njaa akikaa na watoto wenye njaa juu ya daftari moja. Hata hivyo ilimaanisha kwamba mtoto akikosekana siku tatu, kuna atakayeuliza.

Pingamizi la kwanza ni zito na linastahili kujibiwa bila kukwepa. Shule hizi ni biashara, mtu atasema, na wewe unazipamba. Tarehe 23 Septemba 2019, miezi sita tu kabla ya janga, jengo la shule ya Precious Talent huko Ng'ando liliporomoka na watoto 8 wakafa. Shule za namna hiyo mara nyingi hujengwa ovyo na hazikaguliwi. Nakubali yote hayo. Tena naongeza: ukaribu uleule niliousifu ndio uliozifanya zianguke haraka. Mwalimu asiye na akiba aliuza mboga, aliendesha boda boda, au alirudi kijijini. Picha iliyozunguka nchini mwaka huo ni ya Mwea Brethren, shule ya binafsi kaunti ya Kirinyaga, ambayo mwenyewe alifuga kuku madarasani. Eastlands, ambako ardhi ni ya kupangisha, darasa hugeuka chumba cha kupanga au stoo kabla hata ya kuwa banda la kuku. Januari 2021 ilipofika watoto wa shule zilizokufa walifurika kwenye shule za umma ambazo tayari zilikuwa zimejaa. Kwa hiyo sisemi kwamba soko liliokoa watoto. Soko liliwaangusha walimu wao wiki ya kwanza. Ninachosema ni kwamba kile kitu cha thamani, mtu anayejulikana na mtoto na anayeishi karibu naye, kilikutwa pale ambapo hapakuwa na pesa, na pesa zikakutwa pale ambapo hakikuwepo. Hakuna aliyejaribu kwa dhati kuvikutanisha.

Hapana, nimekosea kusema hakuna. Lilikuwepo jaribio moja, na lilikuja limechelewa. Agosti 2020 wizara na TSC walitoa mwongozo wa masomo ya kijamii: walimu waorodheshwe katika eneo wanamoishi, watoto wa eneo hilo wagawiwe kwao katika makundi madogo, wakutane mahali pa wazi wafundishane usafi, stadi za maisha, michezo na kusoma bila kufuata silabasi. Walioudharau waliuita mpango wa kulea watoto. Kwangu, hilo ndilo lililokuwa zuri ndani yake. Kwa mara ya kwanza serikali ilikuwa inamtazama mwalimu kama mtu wa mtaa. Wazazi waliogopa, na hofu yao ilikuwa na msingi: kama shule haiko salama kwa korona, kijiwe cha uwanjani kiko salama vipi, na nani atanunua barakoa na sabuni? Mpango ukapelekwa mahakamani, ukasimamishwa mwezi Septemba. Wiki chache baadaye shule zikaanza kufunguliwa na hakuna aliyekuwa na haja ya kuufufua. Mpango kama ule ungetolewa Aprili, ukiwa na pesa za chakula na ukiwahusisha walimu wa shule za mtaani, tungekuwa na la kulinganisha. Kutolewa Agosti kulihakikisha kwamba ushahidi hautapatikana.

Ustawi wa mtoto pia ni usalama wake, na hapa mwaka 2020 ulikuwa mbaya Eastlands kwa njia ambazo hazikuhusu virusi. Usiku wa tarehe 30 Machi, siku ya nne ya kafyu, mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi na polisi akiwa amesimama kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko. Tarehe 4 Mei matingatinga yalibomoa nyumba za maelfu ya watu Kariobangi, karibu na mitambo ya majitaka, mvua zikiwa zinanyesha na serikali ikiwa inawaambia watu wabaki nyumbani. Baadaye mwezi huo ikawa zamu ya Ruai. Shule iliyofunguliwa ingekuwa angalau ukumbi wenye paa na mahali ambapo mtoto aliyeona mambo kama hayo anakaa na wenzake. Lakini tusidanganyane kuhusu ushauri nasaha. Hata katika shule za umma mwalimu anayeitwa wa ushauri ana vipindi vyake vya kufundisha kama wengine wote, na jioni ana rundo la madaftari. Tunapodai kwamba shule ziwatibu watoto waliojeruhiwa nafsi, tunadai kwa mtu ambaye ratiba yake haina saa hiyo.

Kuhusu wasichana, nchi ilishikwa na hofu mwezi Juni 2020, ilipotangazwa kwamba karibu wasichana 4,000 wamepata mimba kaunti ya Machakos. Waliochunguza takwimu hizo waligundua kwamba zilitokana na mahudhurio ya kliniki ya walio na umri wa miaka 10 hadi 19 kuanzia Januari, kwa hiyo nyingi ya mimba hizo zilitungwa kabla ya shule kufungwa, na kwamba idadi ya taifa katika miezi hiyo ilikuwa chini ya ile ya 2019. Wengine wakahitimisha kwamba hadithi nzima ilikuwa uzushi. Nao walikosea. Utafiti uliowafuatilia wanafunzi wa sekondari Siaya na kuchapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wasichana waliokaa nje ya shule kwa sababu ya janga walikuwa na hatari mara mbili ya kupata mimba kabla ya kumaliza sekondari, na mara tatu ya kuacha shule, wakilinganishwa na waliotangulia. Siaya si Eastlands. Lakini utaratibu wa mambo unaeleweka popote: muda mrefu usio na ratiba, nyumba isiyo na pesa ya sodo, na mwanamume mwenye pesa kidogo. Vichwa vya habari vya Juni vilitafuta mlipuko wa ghafla, na madhara yenyewe yalijikusanya polepole, mwezi baada ya mwezi, jinsi kufunga kulivyorefushwa.

Je, shule hazikupaswa kufungwa? Machi 2020, hapana shaka zilipaswa. Hakuna aliyejua ugonjwa huu unawafanya nini watoto, na hospitali hazikuwa tayari. Swali ni urefu. Tanzania ilifunga wiki ileile na kufungua shule zote kufikia tarehe 29 Juni 2020. Uganda ilikaa karibu miaka miwili, hadi tarehe 10 Januari 2022. Kenya ikawa katikati, na tarehe 7 Julai Waziri wa Elimu George Magoha akatangaza kwamba mwaka wa masomo umefutwa. Sababu kubwa iliyotolewa ilikuwa nafasi: umbali unaotakiwa kati ya wanafunzi hauwezekani katika madarasa yetu. Hoja hiyo ilikuwa sahihi, na ilikuwa sahihi vilevile Januari 2021, madarasa yalipokuwa hayajaongezwa na Magoha mwenyewe akikiri kwamba umbali hautawezekana, watu wavae barakoa na wanawe mikono. Kama kigezo kiliweza kuachwa Januari, kingeweza kuachwa mapema zaidi kwa wadogo. Tulichokipata kwa kungoja ni madawati ya mafundi wa jua kali na mitungi yenye bomba langoni. Ni vitu vizuri, ila havikuhitaji mwaka.

Pingamizi la mwisho ni la matokeo. Mtihani wa darasa la 8, KCPE, wa 2020 ulifanywa Machi 2021, na Magoha alipotangaza matokeo mwezi Aprili alisema watahiniwa walifanya vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Basi, huuliza wengine, hasara iko wapi? Kwanza, waliofanya mtihani ni waliorudi. Machifu na wazee wa Nyumba Kumi walitumwa kutafuta waliopotea, jambo ambalo lenyewe ni ungamo kwamba shule ilikuwa haijui watoto wake wako wapi. Pili, darasa la 8 lilikuwa la kwanza kurudishwa na lilipewa miezi mitano ya kufundishwa kwa bidii katika madarasa yenye nafasi; hayo ndiyo waliyoyanyimwa wa darasa la 3. Tatu, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, tulilipa muda uliopotea kwa ustawi wa watoto. Kalenda ya haraka ilisukuma mihula minne katika mwaka, likizo zikawa za siku chache, karo zikafuatana bila mzazi kupumua, na hali hiyo ikaendelea hadi kalenda iliporudi sawa Januari 2023. Mwishoni mwa 2021 moto ulizuka katika mabweni ya shule nyingi za sekondari nchini. Novemba ulifika Buruburu Girls, na wanafunzi wakapelekwa hospitalini. Sababu za mioto ya shule Kenya ni za miaka mingi na si haki kuzitundika zote kwenye kalenda. Ila watoto waliokuwa wamekaa nyumbani miezi tisa wakiona waliyoyaona walirudi wakakutana na silabasi inayokimbizwa, na mwezi huohuo wa Novemba makumi ya maelfu ya wakazi wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba zao kupisha barabara ya kuunganisha na Expressway, mitihani ya muhula ikiwa haingoji mtu.

Aprili 2024 tulipimwa tena. Mafuriko yaliingia Mathare na Mukuru, nyumba za kando ya mito zikabomolewa kwa amri ya kuacha mita 30 kutoka mtoni, na ufunguzi wa shule ukaahirishwa kutoka tarehe 29 Aprili hadi tarehe 6 Mei, kisha bila tarehe, hatimaye zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Matangazo yote yalihusu tarehe. Hayakusema mwalimu yupi aende kwa mtoto yupi, wala chakula cha mchana kitapatikana wapi wiki hizo mbili. Wakati huo Nairobi tayari ilikuwa na mpango ambao mwaka 2020 ungeonekana kama muujiza: Dishi na County, ulioanza 2023, ambapo mtoto hulipa Sh5 kwa kugusisha bangili yake na kupata mlo moto uliopikwa katika jiko kuu la kaunti. Kila bangili imefungamanishwa na mtoto wake; ni rejista bora kuliko daftari lolote la 2020. Lakini mlo huo ni wa shule za umma na za chekechea za kaunti. Mtoto wa shule ya mabati iliyo ng'ambo ya ukuta wa shule ya umma hana bangili, na mwalimu wake, anayejua mlango wa nyumba yao, hajaorodheshwa popote serikalini. Kumsajili mwalimu huyo na kumpa mtoto wake sahani ileile ya Sh5 ni gharama ndogo kuliko madarasa yenye nafasi tuliyoahidiwa, na ni jambo ambalo kaunti inaweza kulianza muhula ujao bila kungoja sera mpya ya taifa.